Kwa Nini Mtoto wa Nakuru Haongei Kama Mama Yake

Ukitoka Luanda kwa bodaboda kuelekea Maseno, safari ya dakika chache tu, lugha ya sokoni inabadilika njiani. Nyuma yako akina mama wanaitana kwa Kinyore. Mbele yako bei ya omena inatajwa kwa Dholuo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, na hapo ndipo masikio ya Mkenya yanapofanya kazi haraka kuliko akili. Sentensi mbili zinatosha. Huyu akisema ana "sida", yule akisema anaelekea "tukani", tumeshawapangia kaunti, kabila na pengine hata kura watakayopiga. Tunasema wameshrabu, yaani lugha ya mama imewaponyoka katika Kiswahili, tunacheka, tunaendelea na yetu.

Kicheko hicho kinatunyima jambo zuri la kuelewa. Lafudhi ya mtu ina vyanzo viwili, nasi tumezoea kuvichanganya. Cha kwanza ni lugha iliyoyafundisha masikio yake kabla hajaanza kutembea. Cha pili ni watu aliowapenda baadaye: wenzake wa kucheza, wa darasani, wa kazini. Cha kwanza tunakijua wote, ingawa tunakieleza vibaya. Cha pili ni nadra kukizungumzia, na kwa watoto wetu wa mijini ndicho chenye nguvu zaidi.

Tuanze na masikio. Dholuo haina sauti ya "sh", haina "z", haina "v". Mtoto aliyekulia Bondo akikutana na neno "shida", sikio lake linatafuta sauti iliyo karibu zaidi kati ya zile linazozijua, linaipata "s". Huo si uzembe wa ulimi. Ulimi huohuo unatenganisha "t" na "th", "d" na "dh", na unagawanya irabu katika makundi mawili kulingana na mahali shina la ulimi linapokaa, tofauti ambayo Kiswahili hakina kabisa.

Wabukusu nao wana hesabu yao. Weka vidole kooni useme "gari", kisha useme "kaka". Sauti ya kwanza ya "gari" inatetemesha koo. Ya "kaka" haitetemeshi. Katika Kibukusu, "b", "d", "j" na "g" zenye mtetemo huo hutokea zikitanguliwa na sauti ya puani tu: mb, nd, nj, ng. Bila pua, hazipo. Ndiyo maana Mbukusu anaweza kusema "kari" na "tuka", lakini "mbele" na "ndani" akazitamka sawasawa kabisa. Msikilize akisema "ndugu": ile "nd" inatoka bila taabu, halafu neno linaishia kwa "ku". Kuna kanuni pale, na anaifuata bila kukosea hata mara moja.

Mkikuyu wa Njoro anayesema "rara" badala ya "lala" na "lafiki" badala ya "rafiki" hajaamua kugeuza mambo. Katika lugha yake "l" na "r" hazitenganishi neno na neno, kwa hiyo Kiswahili kinamlazimu akariri, neno moja baada ya lingine, ni ipi inakaa wapi. Kwa Wakalenjin ni "p" na "b", "k" na "g": sauti hizo hubadilika kufuatana na jirani zake ndani ya neno, hazibadilishi maana.

Masikio haya hufungika mapema mno. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, waliofanya utafiti wao Kanada, walionyesha kwamba watoto wachanga kutoka nyumba za Kiingereza wakiwa na miezi 6 hadi 8 waliweza kutofautisha konsonanti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzisikia. Kufikia miezi 10 hadi 12, uwezo huo ulikuwa umefifia sana. Mtoto haachi kusikia; anaacha kujali tofauti ambazo hakuna mtu nyumbani anayezitumia. Kwa hiyo mtu mzima anayepambana na "sh" anapambana na uamuzi ambao sikio lake lilifanya kabla hajapata meno ya kutosha.

Hayo yanawaeleza wazazi. Hayawaelezi watoto wao.

Chukua ploti moja ya vyumba vya kupanga katika Kaptembwo au Rhonda, mitaa ya Nakuru. Mlango wa kwanza anakaa Mmaragoli, wa pili Mkisii, wa tatu Mkikuyu, wa nne Mjaluo, na pale mwisho karibu na bomba la maji pana familia ya Kikalenjin. Nakuru imekuwa hivyo tangu reli ilipofika mwaka 1900 na mashamba ya walowezi yakaanza kuvuta vibarua kutoka Nyanza, Magharibi na Kati. Ilipopewa hadhi ya jiji mwaka 2021 tayari ilikuwa na vizazi kadhaa vya watu ambao ushago wao uko mbali na ambao utoto wao wote umepita kwenye korido za namna hiyo. Katika korido, watoto hawana lugha nyingine ya kuchezea isipokuwa Kiswahili. Mama anamtuma mtoto "tukani" akalete maziwa. Mtoto anaitikia, anatoka mbio, anafika kwenye duka na kusema "duka" kwa "d" safi ambayo mama yake hakumfundisha.

Nani alimfundisha? Wale wenzake wanne wa korido.

Uingereza ina mji uliojaribiwa kama Nakuru bila kukusudia. Milton Keynes ulitangazwa kuwa mji mpya mwaka 1967, na watu wakahamia kutoka pande nyingi za nchi, kila mmoja na matamshi ya kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Paul Kerswill na Ann Williams waliwarekodi watoto wa miaka 4, 8 na 12 pamoja na walezi wao. Wale wa miaka 4 walifanana zaidi na wazazi. Wale wa 8 na 12 walifanana wao kwa wao. Kati ya umri wa kukaa na mama na umri wa kukaa na marafiki, usemi ulikuwa umehama nyumba.

Swali linalonivutia zaidi ni hili: korido ikichanganya lafudhi tano, ipi inashinda? Jibu rahisi lingekuwa ya kabila kubwa, au ya mtoto mwenye mpira. Nikiwasikiliza vijana wa Nakuru naona kitu kingine. Kinachodondoka kwanza ni kile kinachomtambulisha mtu mmoja peke yake: "sida", "kari", "rara". Watoto hukicheka, na mwenye nacho hukiacha. Kinachobaki ni kile ambacho wengi tayari wanacho nyumbani. Tazama kile kiambishi cha mwisho wa kitenzi tunachokitumia kila siku: "huyu anakujanga hapa jioni", "mimi sikulangi nyama". Vitabu vya shule havikitaki. Lakini Waluhya wana "-nga" katika vitenzi vyao, Wakikuyu wana "-aga" kwa mambo yanayofanyika kila mara, na Kiswahili kinapoingia katika vinywa vyao kinakuta nafasi hiyo imeshatengwa. Wajaluo nao wana "-ga" yao, na mtoto asiye na kitu kama hicho kwao amezungukwa na wanaokijua, na ukimsikiliza kijana wa Nakuru akisema "nilikuwanga" huwezi kujua mamake anatoka wapi.

Ndivyo ilivyo pia kwa "ka-" ya udogo. Kiswahili cha vitabuni kina "kitoto" na "kijigari". Kikuyu kina "ka-", Kiluhya kina "ka-" au "kha-" kutegemea ni Kiluhya cha wapi. Basi Nakuru nzima inasema "katoto", "kagari", "kashida kadogo". Hakuna kamati iliyokaa. Ni kura iliyopigwa na watoto wakicheza kati, na waliokuwa wachache wakafuata wengi.

Lakini wingi hauelezi yote, kwa sababu usemi humfuata mtu fulani, si umati. Mpwa wangu alizaliwa Kaptembwo. Wazazi wake ni watu wa Chwele. Likizo ya Agosti akipelekwa kwa kukhu, nyanya yake, siku za kwanza binamu zake humwambia anaongea kama mtangazaji wa redio. Yeye hawajibu kitu. Anachota maji nao, analala nao kitanda kimoja, anafukuzana nao hadi giza. Wiki haijaisha, neno "kabisa" limekuwa "kapisa", na sentensi zake zimeshika ule wimbo wa Chwele ambao hata mimi siwezi kuuandika. Kisha rafiki yake wa ploti anampigia kwa simu ya mama yake. Nimekaa kando nikasikiliza: "Eeeh, nakuja Jumapili, kabisa." Ile "b" imerudi nzima. Anakata simu, anamgeukia binamu yake aendelee na hadithi, na "kapisa" inatoka tena kabla hajamaliza pumzi.

Hakuwa akiigiza, na nikimuuliza hajui ninachozungumzia. Howard Giles, mtaalamu wa saikolojia ya lugha, alianza miaka ya 1970 kueleza tabia hii: mtu akitaka kukubaliwa na anayezungumza naye, usemi wake husogea kumwelekea. Kasi ya maneno, urefu wa vituo, sauti kupanda na kushuka, hata irabu zenyewe. Tunafanya hivyo bila kuamua, na tunafanya zaidi kwa tunayempenda.

Kuna utafiti wa mwaka 2012 ninaoupenda kwa udogo wake. Jennifer Pardo na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa chuo waliokuwa hawajuani ambao walipangiwa chumba kimoja, wakawarekodi mara kadhaa katika mwaka wa masomo. Sauti zao zilikaribiana kwa kiasi fulani. Hazikukaribiana sawa kwa wote: namna walivyojisikia kuwa karibu kama marafiki iliendana na jinsi matamshi yao yalivyofanana. Yeyote aliyewahi kukaa hosteli Egerton au Maseno na mtu wa kaunti nyingine anajua habari hii kwa mwili wake. Unarudi nyumbani Desemba, dada yako anakuuliza, "We, siku hizi unaongea kama nani?"

Marafiki hubadilishana zaidi ya sauti. Herbert Clark na Deanna Wilkes-Gibbs, mwaka 1986, waliwapa watu wawili wawili picha za maumbo yasiyo na jina, mmoja amweleze mwenzake ni ipi bila kumwonyesha. Mara ya kwanza kila umbo lilihitaji maelezo marefu. Waliporudia maumbo yaleyale, maelezo yalifupika na kufupika hadi yakawa maneno machache tu ambayo wao wawili ndio waliyaelewa. Nenda gereji yoyote ya Nakuru usikilize mafundi wawili waliofanya kazi pamoja kwa miaka: "Leta ile." "Ya jana?" "Aa, ya mzee." Mteja amesimama pale hajaelewa lolote, na spana sahihi imeshafika mkononi. Kutoka kwa watu wawili wa aina hiyo ndipo neno jipya huchomoka. Likichekesha linaenda stendi, likifika stendi linapanda matatu.

Usemi unaosogea kumwelekea mtu unaweza pia kumkimbia. Richard Bourhis na Giles walionyesha hilo Wales mwaka 1977. Watu wazima waliokuwa wakijifunza Kiwelisi waliulizwa maswali na Mwingereza mwenye matamshi ya kitajiri, ambaye katikati ya mazungumzo aliwauliza kwa nini wanajifunza lugha inayokufa. Waliojifunza kwa sababu ya kuipenda asili yao walimjibu kwa lafudhi nzito zaidi ya Kiwelisi kuliko waliyokuwa nayo dakika chache kabla. Nafikiri kila mmoja wetu amemwona mtu wa namna hii: mzee wa Siaya anayeongea Kiswahili laini na wageni wake, halafu afisa kijana anamdharau kaunta, na ghafla "omera" inatoka kwa uzito wote, kila neno likibeba wimbo wa Dholuo. Hajasahau Kiswahili. Amechagua upande.

Kisumu haifuati njia ya Nakuru, na sababu yake ni namna watu walivyounganishwa. Kisumu ina lugha yenye wenyewe. Mfanyabiashara wa Kiluhya anayeuza mitumba Kibuye anaijua Dholuo ya kuuzia na ya kusutana, na Wahindi wengi waliokulia mjini humo wanaiongea bila wasiwasi. Kiswahili chao nacho hupata mwendo wa huko. Katika mwongo wa 1970 Lesley na James Milroy walifanya utafiti katika mitaa mitatu ya wafanyakazi mjini Belfast, Ireland ya Kaskazini. Waliona kwamba pale ambapo jirani wa mtu ndiye pia ndugu yake, ndiye anayefanya kazi naye na ndiye anayekaa naye jioni, matamshi ya mtaa yalikaa imara hata kama redio na shule zilisema vingine. Fikiria Dunga, ambako anayevua na wewe huenda ni shemeji yako, mko chama kimoja na mnasali kanisa moja. Ukibadilisha irabu moja, watu sita watakuuliza umekuwa nani.

Mabadiliko huingia kupitia wale wanaojuana na wengi kwa juujuu. Katika mtaa wa Clonard huko Belfast, wasichana ndio walioshika matamshi ya mtaa mwingine kabla ya wavulana, na walikuwa wakifanya kazi pamoja kwenye duka la mjini lililohudumia watu wa pande zote. Kwetu kazi hiyo inafanywa na makanga wa Kisumu hadi Nakuru, na mama wa kibanda cha chai pale stendi. Wanawasalimu mamia ya watu na hawafungwi na yeyote.

Umri nao una neno lake. J. K. Chambers alichapisha mwaka 1992 utafiti wa watoto wa Kanada waliohamia kusini mwa Uingereza. Hitimisho lake ni kwamba aliye na miaka 7 au chini yake karibu kwa hakika ataishika lafudhi mpya yote. Wa 14 na kuendelea, karibu kwa hakika hataishika yote. Walio katikati hutofautiana. Mwanafunzi anayetoka Ugunja kuingia shule ya bweni Nakuru akiwa na miaka 14 au 15 atajifunza "sh" kwa wiki chache, maana hiyo ndiyo inayochekwa na anaweza kuifanyia mazoezi. Wimbo wa sentensi zake utabaki wa Ugunja, kwa sababu hakuna anayeucheka waziwazi na yeye mwenyewe hausikii.

Hapo ndipo kicheko cha kushrabu kinaponiumiza. Kinamlenga mtoto kwa kitu ambacho mama yake alimpa kwa upendo, na kinadai kwamba pana mahali watu wanaongea bila lafudhi. Hapapo. Kiswahili sanifu chenyewe ni matamshi ya mji mmoja: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja, Kiswahili cha mji wa Zanzibar, kiwe msingi, na Mmvita wa Mombasa anayesema "ndoo" kwa "njoo" na "jito" kwa "jicho", mwenye Kiswahili tangu babu wa babu yake, akawa naye yuko nje ya usanifu. Na sisi watu wa Nakuru tunajua kicheko kinaweza kugeuka nini. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kwenye vizuizi vya barabarani, jina na lugha ya mtu viliamua kama atapita. Sitaki masikio ya watoto wetu yafunzwe tena kazi hiyo, hata kwa mzaha wa darasani.

Wazazi wa mjini huniuliza swali la upande wa pili: mtoto wangu wa Nakuru au Kisumu atawezaje kuongea lugha ya kwetu bila kusikika kama mgeni? Wengi humwongelesha wenyewe jioni, au humpeleka kwa nyanya wiki mbili akae naye jikoni. Inasaidia, ataelewa, atajibu. Lakini matamshi yanatoka kwa wa rika lake. Kukhu peke yake hatoshi. Panahitajika binamu wa kuchota nao maji, likizo baada ya likizo, na panahitajika kabla hajafika miaka 14.